Mjane Aliyekataa Kukaa Nyumbani

Andiko: Luka 18:1–8

Mfano huu tumezoea kuuhubiri usiku wa kesha: omba, usichoke. Ni kweli. Lakini wapendwa, tazameni Yesu alichagua mtu wa namna gani. Mama mjane, hana wakili, hana anayemjua pale ndani, na hakimu mwenyewe hamchi Mungu. Yule mama hakusema, "Nimemwachia Bwana," akaketi. Alienda, akarudi, akaenda tena.

Hapa Kenya tumemwona mama kama huyo. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Phyllis Omido alifanya kazi pale. Mtoto wake mchanga akaugua, anatibiwa lakini hapati nafuu. Damu ilipopimwa, ikaonekana ni sumu ya risasi. Mama angemchukua mwanawe waende zao. Lakini akataka na watoto wa majirani wapimwe, nao wakakutwa nayo. Akabisha ofisi baada ya ofisi. Akaandamana, akakamatwa. Kiwanda kikafungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Rufaa ikawaangusha, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha uamuzi ule. Hesabuni hiyo miaka!

Maana dawa peke yake haingewasaidia watoto wale. Unamtibu leo, kesho anarudi kuvuta moshi uleule. Lazima mtu aende kwa mwenye moshi.

Sasa tuje kwetu. Ni Jumapili ngapi tumewaita mbele watoto wanaohara, tukawawekea mikono, na bomba la maji taka limepasuka nyuma ya soko, huu mwezi wa tatu? Mimi mchungaji wenu niliwaombea, kisha nikauruka ule mtaro nikienda nyumbani kula. Bwana amenikemea kwa hilo. Katiba, Kifungu cha 43, inatupa haki ya afya na ya usafi. Kifungu cha 37 kinaturuhusu kupeleka ombi kwa wakuu, kwa amani. Hiyo si siasa, msiogope.

Barua ya kaunti iko kwa mashemasi, pale mlangoni. Andika jina na nambari ya kitambulisho, utie sahihi. Jumanne usiku tutaiombea, Jumatano saa tatu asubuhi tutaipeleka, akina mama wakitangulia. Wakituambia turudi wiki ijayo, tutarudi.