Mtoto na Kazi ya Mkono Wake

Suali lililoletwa katika darasa yetu ni hili: Je, yafaa mtoto mdogo apewe udongo, karatasi na rangi, kisha aachwe afanye atakavyo pasina kuwekewa kielezo cha kuiga? Wako wazazi waonao kuwa huko ni kumpotezea wakati, na wako wachelewao kuwa humzoeza ukaidi. Sisi twaona kuwa jambo hili si dogo kama lidhaniwavyo, kwani ndani yake mna suala la ukweli na uongo.

Kwanza yapasa tupambanue mambo mawili. Yako mafunzo ambayo hayana ila kufuata. Mtoto asomaye Kurani chuoni hana ruhusa ya kuzidisha herufi wala kupunguza. Sifa yake ni kushika kama alivyosomeshwa, kwa kuwa amekabidhiwa amana isiyo yake. Lakini wengi huichukua hukumu ya chuoni wakaipeleka hata katika mchezo wa mtoto wa miaka minne, wakadhani kuwa kila alifanyalo bila ya kuiga ni upotovu.

Na tutazame mwenendo wa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Imepokewa na Abu Daud kuwa alirudi safarini, upepo ukafunua pazia, akaona vitu vya kuchezea vya Bibi Aisha, na kati yake farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Akamuuliza ni nini hiki, na ni nini hivi vilivyo juu yake. Kisha akastaajabu: farasi ana mbawa? Bibi Aisha akajibu kwa hoja, kuwa Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mbawa. Mtume akacheka hata magego yake yakaonekana. Basi na wafikiri wenye akili: hakuamrisha mbawa zibanduliwe kwa kuwa farasi hawi hivyo. Aliuliza, akasikiliza jawabu, akafurahi.

Wanazuoni nao hawakulighafilika jambo hili. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliusia katika Ihyaa kuwa mtoto atokapo chuoni aruhusiwe mchezo mzuri wa kumpumzisha. Kwani kumzuilia mchezo na kumlemeza masomo daima huufisha moyo wake na kuzima akili yake, hata akatafuta hila za kuyaepuka masomo hayo. Na Ibn Khaldun, aliyeandika Mukadima mwaka 1377, alionya kuwa mwanafunzi alelewaye kwa ukali hunyongeka nafsi yake, akafunzika uongo na hila, akadhihirisha yasiyomo moyoni kwa kuuogopa mkono wa kumwadhibu. Wote wawili wameonya juu ya hila. Mtoto asiyepewa nafasi ya kufanya lake, hujifunza kujificha nyuma ya la mwenziwe.

Haya si maneno ya zamani tu. Mtaala wa umilisi, ulioenezwa nchini Kenya katika madarasa ya chini mwaka 2019, umeuweka ubunifu kuwa miongoni mwa mambo saba ya msingi atakiwayo mtoto kuyapata. Mtoto huambiwa atengeneze kitu kwa mkono wake. Lakini katika nyumba nyingi ni baba akataye mbao usiku, na mama agandishaye karatasi, ili kazi itoke nzuri. Asubuhi mtoto husimama mbele ya wenziwe akasifiwa kwa kitu asichokigusa. Je, amefunzwa nini? Amefunzwa kuwa sifa hupatikana kwa kisicho chake, na kwamba wazazi wake wameridhia. Lau angalipeleka kijumba cha udongo kilichoinama upande, kingalikuwa kibaya machoni, lakini kingalikuwa cha kweli.

Hata nchi za mbali wamelitambua hili. Viktor Lowenfeld, mwalimu wa sanaa aliyetoka Austria akahamia Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1947 alivipinga vile vitabu vya picha zilizokwisha kuchorwa, ambavyo mtoto kazi yake ni kujaza rangi tu. Aliona kuwa mtoto azoeaye hayo hupoteza imani na mkono wake.

Huenda mtu akasema: mafundi wetu wa nakshi walijifunza kwa kuiga. Ni kweli, lakini mwanagenzi huingia kazini akiwa amekwisha kuwa na mkono na jicho, ilhali mtoto wa miaka minne ndiyo kwanza autafuta mkono wake.

Ama picha za viumbe wenye roho, wanazuoni wana maneno marefu, na wengi wao wamevitoa vitu vya kuchezea watoto katika katazo. Atakaye hadhari na afuate alivyomwelekeza Ibn Abbas mchoraji aliyemjia: achore miti na visivyo na roho. Mlango huo ni mpana: mashua, minazi, mawimbi, nyota, na nakshi za kila namna.

Wala hapana haja ya gharama. Vifuu na makumbi yako, vidaka vya minazi viko, na ukindu uliosalia katika kusuka mikeka, na vipande vya nguo kwa mafundi wa cherehani, na karatasi zilizoandikwa upande mmoja. Mtoto na apewe hivyo, na awekewe mipaka ya adabu: asichafue ukuta wa jirani, asichukue cha mwenziwe, na amalizapo akusanye vyombo vyake. Ndani ya mipaka hiyo na aachwe. Na aletapo kazi yake, mzazi asianze kwa kumwambia kuwa mashua yake haina tanga. Amuulize ni nini, na yaenda wapi, kisha asikilize.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu mikono ya kazi na ndimi za kweli, na atupe sisi subira ya kuwalea. Amin.