Lawama ya Mimba Zisizokaa

Ndugu msomaji, mke akiharibikiwa na mimba mara mbili tatu mfululizo, husemwaje mitaani kwetu? Hata lugha yamtwika kosa, kwani twasema "ameharibu mimba", kana kwamba alikusudia. Kisha mavyaa huanza kumtafutia mwanawe mke mwingine. Je, ni haki kumhukumu mtu kwa jambo lisilochunguzwa?

Suratul Insan yatukumbusha kwamba mwanadamu ameumbwa kwa maji yaliyochanganyika. Elimu ya tiba nayo haimtengi baba. Tangu mwaka 1956 yajulikana kuwa chembe ya mwili wa mtu kwa kawaida ina kromosomu 46, yaani vijinyuzi vinavyobeba urithi: 23 za baba na 23 za mama. Karibu nusu ya mimba zinazotoka mapema huwa hesabu hiyo imeharibika, ikazidi au ikapungua. Mara nyingi ni tukio tu, ingawa huongezeka kadiri umri wa mama unavyopanda. Si kwa kuinua ndoo ya maji wala kwa kufagia ua.

Liko na jambo jingine. Katika kila ndoa 100 zenye msiba huu wa kurudia, kiasi cha 2 mpaka 5 huwa mmoja wa wawili hao ana kromosomu ambazo vipande vyake vimebadilishana mahali. Mwenyewe ni mzima wa afya, kwa sababu hakuna kilichopungua wala kilichozidi. Lakini mtoto aweza kupokea pungufu au ziada, na mimba isikae. Mwenye hali hiyo aweza kuwa mke, aweza kuwa mume. Basi mume akitoa talaka na kuoa mwingine, huenda akampelekea huyo wa pili msiba ule ule. Na kwa kuwa mara nyingi hali hii hurithiwa, huenda imetoka kwa mavyaa yule yule mwenye ulimi mkali!

Hatusemi lawama zimhamie mume. Hakuna aliyejichagulia damu yake. Lakini wako waume wanaowapeleka wake zao hospitali wakabaki nje, ilhali kipimo hiki hutaka damu ya wote wawili. Madaktari hutazama pia tumbo la uzazi, kuganda kwa damu, sukari na tezi ya shingo. Na mara nyingi hawaoni sababu yoyote, na mke akaja kuzaa baadaye. Hata wenye hali ile ya kromosomu, wengi hupata mtoto mzima bila ya dawa. Na anayekutwa nayo awaambie nduguze, maana huenda nao wanayo.