Shaka ya Hakimu na Hukumu ya Mwenyezi Mungu

Ndugu mmoja wa kando ya Ziwa Viktoria, ambaye angali anauchunguza Uislamu, alinijia Mwanza akiwa na huzuni kubwa. Shangazi yake, mjane mzee, aliuawa usiku kwa panga kwa kudhaniwa mchawi. Mtu mmoja alishtakiwa, na kijiji kizima kilisema kuwa ndiye; lakini Mahakama ikamwachilia kwa kuwa ushahidi haukutosha. Ndugu yule akaniuliza: "Mwalimu, ikiwa Mungu ni Mwenye haki, je, sheria ya namna hii yaweza kuwa ya haki?"

Swali hili halistahili jibu la haraka. Kwanza tuielewe sheria yenyewe. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, ya mwaka 1967, yataka katika mashtaka ya jinai Mahakama iridhishwe na upande wa mashtaka pasipo shaka yenye msingi. Katika kesi ya madai, kama ugomvi wa shamba au deni, yatosha hakimu aone kwamba maneno ya upande mmoja yaelekea kuwa kweli kuliko ya upande wa pili. Tofauti hii ina sababu. Shamba lililotolewa kwa makosa laweza kurudishwa. Lakini miaka ya kifungo hairudi, wala aliyenyongwa hafufuliwi kwa rufani.

Hata hivyo, si kila shaka humwokoa mshtakiwa. Kusema tu "huenda ni mwingine" si kitu. Shaka inayotakiwa ni ile itokanayo na ushahidi wenyewe au upungufu wake: shahidi aliyemwona mtu gizani kwa mbali, au aliyesema hivi jana na vile leo.

Je, Uislamu wasemaje? Katika Sura Al-Hujurat, Kurani Tukufu yatuamuru kuichunguza habari iletwayo na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta. Na imepokewa kwamba Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. alifundisha adhabu ziepushwe kila ipatikanapo njia, na kwamba ni afadhali kiongozi akosee katika kusamehe kuliko akosee katika kuadhibu.

Historia ya Jumuiya yetu ina mfano ulio wazi. Mwaka 1897, huko Bara Hindi, mmisionari Dokta Henry Martyn Clark alimshtaki Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, kwamba amemtuma kijana Abdul Hamid kwenda kumwua. Kijana mwenyewe alikiri mbele ya Mahakama kuwa ametumwa. Hakimu, Kapteni Douglas, alikuwa Mkristo na Mwingereza. Angaliweza kuridhika hapo hapo. Lakini aliona shaka: shahidi yule alikuwa akikaa chini ya ulinzi wa wamisionari wenyewe. Akaamuru atolewe kwao na kuwekwa mikononi mwa polisi. Huko kijana akakiri kwamba maneno yale alifundishwa. Tarehe 23 Agosti 1897 Seyidna Ahmad a.s. akaachiliwa kwa heshima. Na alipoambiwa kuwa anaweza kuwashtaki waliomsingizia, alikataa. Tazameni basi: shaka ya hakimu haikuwa udhaifu, bali ndiyo iliyoufungulia ukweli mlango.

Pengine mtu atasema: "Huko ni Bara Hindi. Hapa kwetu wauaji ni wengi, na upole huu wawapa nguvu." Hoja hii nayo imekwisha kujaribiwa hapa hapa. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watu wengi walikamatwa katika msako wa kukomesha mauaji ya namna hii hii. Baadhi yao waliteswa ili wakiri, na wengine wakafa mikononi mwa waliowakamata. Januari 1977 Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa kubeba dhamana ya jambo lile, ingawa hakumtesa mtu kwa mkono wake. Wala mauaji ya vikongwe hayakukoma.

Sasa nimrudie ndugu yangu. Nilimwuliza: "Shangazi yako alihukumiwa kwa ushahidi gani?" Akanyamaza. Kisha akasema: "Kwa ramli ya mganga, na kwa macho yake mekundu." Macho yale yaliharibiwa na moshi wa jikoni, alipopikia wanawe miaka yote! Nikamwambia: "Waliomwua hawakuwa na shaka hata kidogo. Kijiji kilisema ndiye, nao wakaridhika. Je, wataka Mahakama nayo ihukumu kwa kipimo kile kile kilichomwua shangazi yako?" Ndugu yule alilia, nami sikuweza kumzuia.

Lakini haifai kuishia hapo, maana damu ya mjane yule ingali yadai. Mahakama inapomwachilia mtu kwa shaka, haisemi kwamba Mungu amemwona safi. Husema tu kwamba elimu ya wanadamu imefika ukingoni. Mtukufu Mtume s.a.w. mwenyewe alitahadharisha kuwa yeye huamua kwa kadiri anavyosikia, na kwamba apataye haki ya nduguye kwa ufasaha wa ulimi amejitwalia kipande cha moto. Asiyeamini Siku ya Hukumu huona kwamba kila hesabu lazima ifungwe hapa duniani, hata kwa kubahatisha. Mwenye kuiamini anaweza kuvumilia hesabu iliyobaki wazi, kwani anamjua Atakayeifunga.

Na sisi tusiokaa kitini pa hakimu tuna wajibu wa namna mbili. Aliyeona asifiche ushahidi, kwani Kurani Tukufu yauhesabu moyo wa mwenye kuficha kuwa wenye dhambi. Kesi nyingi hufa kwa kuwa majirani walioona wamenyamaza. Na ambaye hakuona asiseme "ndiye". Kisimani, sokoni na mwaloni, huko ndiko wajane wetu huhukumiwa kwanza.

Mwenyezi Mungu atujalie ndimi zenye kuogopa dhuluma na nyoyo zisizoogopa kushuhudia kweli. Amin.