Je, Mchoma Mkaa Ana Dhambi?

Ndugu msomaji, katika mwezi wa Ramadhani mwaka jana, mdogo wangu alinipigia simu kutoka kijijini kwetu Handeni, akaniuliza swali ambalo sikuwa nimelitazamia. Alisema: "Kaka, wewe umesoma dini hata ukawa mwalimu katika nchi za watu. Niambie kweli bila ya kunificha. Huu mkaa ninaouchoma ni halali au ni haramu? Maana redioni tunasikia kwamba sisi wachoma mkaa ndio tunaoiua nchi."

Nilinyamaza kitambo. Si kwamba sikuwa na neno. Mwalimu hakosi neno. Nilinyamaza kwa sababu karo yangu ya sekondari, nilipokuwa nikisoma Korogwe, ililipwa kwa mkaa wa marehemu baba. Kila gunia alilolifikisha kando ya barabara kuu pale Mkata lilikuwa daftari langu, au sare, au nauli. Hivyo basi mdogo wangu alipouliza juu ya riziki yake, aliuliza pia juu ya elimu yangu, ingawa mwenyewe hakukusudia hivyo.

Wako watu wa namna mbili wanaolijibu swali hili kwa haraka. Wa kwanza husema: mchoma mkaa ni adui wa misitu, na akamatwe. Wa pili husema: miti ameiotesha Mwenyezi Mungu, na mwenye njaa asiulizwe. Mimi naona kwamba wote wawili wamekimbilia jawabu kabla ya kulitazama jambo lenyewe.

Na tulitazame. Madhara ni ya kweli, wala asiyakane mtu. Katika tanuri la udongo, kama wanavyolijenga wengi wa watu wetu, huhitajika kilo kama sita hata kumi za kuni ili kupatikana kilo moja tu ya mkaa. Zilizobaki zimekwenda na moshi. Nao moshi wa jikoni, wa kuni na wa mkaa, serikali yenyewe imetaja kwamba unahusika na vifo vya Watanzania wapatao 33,000 kila mwaka, na wengi wao ni akina mama na watoto wadogo. Tena sisi wa Handeni hatuhitaji mtaalamu wa kutufundisha maana ya ukame. Maji yetu huvutwa kutoka mto Pangani, upande wa Korogwe, na tangu utoto tumezoea kuhesabu ndoo. Nchi ambayo mvua yake ni ya kubahatisha haina miti ya kuchezea.

Lakini ni nani aliyeukata mti ule? Hapa ndipo penye swali la haki. Katika mji wa Dar es Salaam, nyumba zilizopikia mkaa zilikuwa 47 katika kila mia mwaka 2001. Ilipofika mwaka 2007 zilikuwa 71. Katika miaka hiyo sita hapakushuka wachoma mkaa wapya kutoka mbinguni. Kilichoongezeka ni majiko ya mjini, na majiko yale yaliita, na Handeni ikaitika. Gunia hutoka kwa mchomaji, likaenda kwa mwenye pikipiki, kisha kwa mwenye lori, kisha kwa mwuzaji wa jumla, kisha kwa mama wa gengeni apimaye kwa kopo, na kila mkono unapata chake. Mkono unaopata kidogo kuliko yote ndio ule uliolala porini siku kumi ukilinda tanuri lisipasuke. Na ndio huo unaotajwa redioni. Sijapata kusikia redio ikimlaumu mla wali.

Sasa ewe msomaji, uwe Mwislamu au uwe bado unatafuta, nakuomba tutazame mambo mawili kutoka maisha ya Mtume Muhammad s.a.w. Katika mkusanyo wa Hadithi wa Abu Daud imesimuliwa habari ya mtu mmoja wa Madina aliyekuja kuomba. Mtume s.a.w. hakumpa kitu, wala hakumfukuza. Alimwuliza ana nini nyumbani. Yule mtu alikuwa na shuka moja na bakuli la kunywea maji. Vitu hivyo viliponadiwa vikapata dirhamu mbili: moja ikanunua chakula cha nyumbani, na ya pili ikanunua kichwa cha shoka. Mtume s.a.w. akalitia shoka lile mpini kwa mkono wake mwenyewe, kisha akamwamuru yule mtu aende akakate kuni na kuziuza, na asirudi mbele yake mpaka zipite siku kumi na tano. Aliporudi alikuwa na dirhamu kumi.

Basi, asemaye kwamba kukata kuni na kuziuza ni kazi ya aibu, na alikumbuke shoka hilo na aliyelitia mpini.

Hata hivyo mkono uleule ndio ulioikataza Madina isikatwe miti yake. Na siku ilipofunguliwa Makka, mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume s.a.w. alipotangaza kwamba mimea ya mji ule haikatwi, ami yake Abbas alisimama akaomba majani yaitwayo idhkhir yaachwe nje ya katazo hilo, kwa kuwa wahunzi waliyatumia motoni na watu waliyatumia katika nyumba zao. Akakubaliwa pale pale. Mimi nimeisoma Hadithi hii mara nyingi darasani kama mas-ala ya hija tu. Aliponiuliza mdogo wangu ndipo nilipoitambua kuwa ni habari ya nishati: palikuwa na katazo takatifu kabisa, na bado pakawa na nafasi ya kuuliza, mhunzi atawasha nini?

Swali hilo halikuulizwa vya kutosha katika nchi zilizotutangulia. Huko Marekani wamebishana miaka mingi baina ya makaa ya mawe na nishati safi. Mwaka 1923 wachimba makaa wa nchi ile walizidi laki nane. Leo hawafiki elfu hamsini. Kwanza mashine ziliwapunguza, kisha gesi ya bei nafuu, kisha upepo na jua. Waliotaka hewa safi walikuwa na haki, kwani makaa yale yaliwaharibu mapafu hata wachimbaji wenyewe. Lakini katika mabonde ya West Virginia na Kentucky watu waliambiwa kazi yao imekwisha bila ya kuonyeshwa kazi nyingine, kwa hiyo mwaka 2016 Donald Trump alipowaahidi kuirudisha, walimwamini. Haikurudi. Mimi siwacheki watu hao. Aliyenyang'anywa shoka humsikiliza yeyote atajaye shoka.

Turudi kwetu. Mwaka 2006 serikali ilipiga marufuku mkaa. Majiko hayakuzimika. Bei ilipanda, na baada ya muda mfupi amri ikalegezwa. Safari hii mambo yamepangwa vizuri zaidi, na ni haki kusema hivyo. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilitakiwa kuacha kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024, na mwaka huohuo ukatolewa mkakati wa kuwafikisha Watanzania 80 katika kila mia kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Mitungi ya gesi imeuzwa kwa ruzuku vijijini. Yote haya ni mema. Lakini, ndugu msomaji, angalia: karibu yote yanamhusu apikaye. Na achomaye je? Anayepewa mtungi amepewa jiko; hajapewa kazi.

Watu wa kwetu wana sababu ya kuwa na shaka. Mitambo ya maji ya Hale, wilayani Korogwe, ilianza kufua umeme mwaka 1964. Nyaya zake zilipita juu ya vichwa vyetu kwenda Dar es Salaam, nasi chini yake tukasoma kwa kibatari, mimi nikiwa mmoja wao. Umeme wa vijijini ulikuja baadaye sana, na sasa vijiji karibu vyote vya nchi vimefikiwa. Tena mtu anayekatazwa tanuri la mkaa huuona ukanda wa bomba la mafuta ghafi litokalo Uganda, la kilomita 1,443, ukikatwa katika mkoa wake wa Tanga hadi Chongoleani. Akiuliza mizani iko wapi, tusimwite mjinga.

Uko mfano ulio karibu na ule mpini. Huko Kilosa, tangu mwaka 2012, vijiji kadhaa viliwekewa utaratibu ambao kijiji hutenga sehemu ya msitu wake kwa mkaa, hukata kwa zamu, huacha visiki vichipue kwa miaka mingi, na ushuru ukabaki kijijini. Wapo wanaosema kwamba kuuhalalisha mkaa ni kuuendeleza. Huenda ikawa kweli. Lakini naona ni heri mchomaji anayekata kwa zamu, akijua kwamba msitu ni wa mwanawe, kuliko yule anayekata usiku kwa hofu.

Wala simtoi mdogo wangu lawamani. Nilimwambia: kuchoma mkaa si haramu kwa nafsi yake, bali kuingia msitu wa hifadhi kwa kificho ni wizi, hata kama mwizi ana njaa, na kuacha tanuri bila mlinzi hata moto ukala shamba la jirani ni dhuluma utakayoulizwa. Na kuukata mti wa mwisho wa bonde kwa kuwa usipoukata wewe ataukata mwingine, hilo si jawabu utakalolisema mbele ya Mwenyezi Mungu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamsimulia ile habari ya shoka, naye akauliza polepole: "Sasa kaka, mpini nani ataniwekea?"

Nilikuwa nimekwisha kula mkaa wa nyumba ile miaka sita ya shule. Nilituma fedha, akanunua mizinga sita ya nyuki, akaitundika katika miyombo ileile aliyokuwa ameipigia hesabu ya magunia. Mpaka ninapoandika haya, nyuki wameingia katika miwili. Katika mmoja wamekwisha hama. Mkaa bado anachoma, ila mara moja kwa mwezi, kwa kibali, na Mama amemwambia atafute mahali penye kivuli zaidi kwa ile mizinga mingine minne.