Ahadi ya 1985

Je, sheria inayoahidi isichoweza kutimiza inadanganya? Mwaka 1972 Bunge la Marekani, likiitengua kura ya turufu ya Rais Nixon, liliazimia kukomesha umwagaji wa uchafu mitoni ifikapo 1985. Mwaka huo ulipita. Sisi tunaovuka Mississippi kwenda kazini Saint Paul bado tunaambiwa na Idara ya Afya samaki gani tule, na mara ngapi.

Hata hivyo hatuuiti uongo. Chini ya lengo hilo kila bomba la kiwanda liliwekewa kibali na kipimo. Kikivukwa, hata mwananchi aliyeathirika aweza kushtaki. Kasoro iko kwingine: mbolea inayosombwa na mvua mashambani haikudaiwa kibali. Mkulima aliachiwa hiari, na mto Minnesota hutuletea matope ya hiari hiyo.