Nyasi Zisizoumia

Wahenga walisema wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Iko michezo ya vita ya mezani ambamo methali hiyo haina kazi, kwa kuwa nyasi zake ni unga wa mbao uliotiwa rangi ya kijani, na ardhi yake ni povu gumu, lile jeupe linalokinga televisheni ndani ya boksi. Waundaji hulikata vipande vya mraba kwa waya uliopashwa moto, wakachonga vilima, wakapaka gundi na kunyunyizia mchanga. Ustadi wao mkubwa umo kwenye kingo: barabara na mto hutokea mahali pale pale katika kila kipande, hata kipande chochote kikaunganika na chochote. Leo bonde liko mashariki, kesho limehamia magharibi, na askari wadogo kama kidole hupangwa upya.

Fikra hiyo si ngeni. Mwaka 1812 Georg Leopold von Reisswitz alimpelekea mfalme wa Prussia meza yenye vipande vya ardhi vya kupangika namna nyingi. Mwaka 1824 mwanawe, ofisa wa jeshi, aliviacha vipande akashika ramani, na mchezo ukaingia katika mafunzo ya maofisa. Mwaka 1913 H. G. Wells aliwaandikia watu wa kawaida kanuni za kupigana kwa askari wa kuchezea, akiona vita vya sakafuni ni bora kuliko vita vya kweli. Mwaka uliofuata vita vya kweli vilianza.

Je, ni halali kupafanya mchezo mahali palipomwagika damu?

Mfano uko Kagera. Tarehe 22 na 23 Juni 1915 majeshi ya Uingereza, yaliyovuka ziwa kutoka Kisumu, yaliwapiga Wajerumani mjini Bukoba, yakaangusha mnara wa simu ya upepo, mji ukaporwa, kisha yakaondoka. Mwishoni mwa Oktoba 1978 askari wa Idi Amin walivuka mpaka, na mwanzoni mwa Novemba daraja la Kyaka likavunjwa. Raia waliouawa wanakadiriwa kufika 1,500. Kaboya, wilayani Muleba, yako makaburi ya askari wa Tanzania waliokufa katika vita hivyo.

Katika nchi hiyo, tokea Kiziba kaskazini hadi Kimwani kusini, ardhi ina jina lake: kibanja. Humo mna migomba, mibuni na nyumba, na chini ya migomba wamelala wazee wa ukoo. Kibanja hakikubaliani na jirani yeyote. Mtu hawezi kukinyanyua akakiweka ng'ambo ya mto, seuze kukiweka kingine mahali pake akasema ni kile kile. Kipande cha povu kina sifa iliyo kinyume kabisa: thamani yake yote ni kwamba popote kitakaa.

Mtetezi wa mchezo atasema: mbona bao halilaumiwi? Nalo lina nyumba, lina kuteka, lina kushinda. Jawabu ni kwamba bao halijidai kuwa Kyaka. Mashimo yake hayana jina la kijiji cha mtu. Lakini aliyeandika ubavuni mwa meza yake “Bukoba, 1915” ametoka katika mchezo mtupu akaingia katika ushahidi, na shahidi hulaumiwa kwa alichoficha kama anavyolaumiwa kwa alichozua. Akijenga mnara na mizinga, asijenge maduka yaliyoporwa wala watu waliokimbilia migombani, amesema uongo bila kufungua kinywa.

Wala haifuati kwamba mchezo uharamishwe. Kijana atakayechonga daraja la Kyaka kwa mkono wake yumkini ataijua historia ya Kagera kuliko aliyeikariri kwa mtihani. Linalompasa ni dogo, nalo ni zito: mahali palipopewa jina pasihamishwe, na kanuni za mchezo ziwahesabu pia wasio na bunduki, hata mchezaji aliyeshinda vita aone ameshinda kwa gharama ya nani. Mchezo wa namna hiyo hautamfurahisha kila mtu. Lakini nyasi zake, ingawa ni unga wa mbao, zitakuwa zimejifunza kuumia.