Je, Kazi ya Waliongoja Bila Kuona Ilikuwa Bure?

Mjukuu wetu alitusimulia habari za mchezo mmoja wa mpira wa Kimarekani, ule ambao mpira wake una umbo la yai na huchukuliwa mikononi zaidi ya kupigwa mateke. Kwanza tulisikiliza kwa adabu tu, maana michezo ya mbali haituhusu sana. Lakini alipomaliza tulikuta swali limebaki moyoni, nasi hatuna budi kulileta kwenu tulitafakari pamoja.

Huko Marekani, kila mwisho wa mwaka, vyuo vikuu vilivyofanya vizuri hualikwa kwenye mchezo mmoja wa pekee, unaoitwa kwa jina lenye maana ya bakuli, kwa sababu ya umbo la kiwanja. Desturi hii ilianzia mji wa Pasadena mwaka 1902, na miji mingine ikaifuata ili kuvuta wageni wakati wa baridi. Kwa kawaida, timu haialikwi mpaka iwe imeshinda michezo isiyopungua 6 katika msimu.

Basi, chuo kikuu cha New Mexico State, kilichoko mji wa Las Cruces, kilialikwa mwaka 1960 mjini El Paso, kikawashinda Utah State pointi 20 kwa 13. Ilikuwa tarehe 31 Desemba. Mwaka ule hawakushindwa hata mara moja. Nani angedhani kwamba mwaliko mwingine ungekawia kiasi kile? Walimu wa timu walikuja wakaondoka, wachezaji wakahitimu, wakaoa, wakazeeka. Hapakuwa na timu nyingine ya daraja lao iliyokuwa imengoja muda mrefu kama huo.

Mwaliko ukaja mwaka 2017, tarehe 29 Desemba, mjini Tucson katika Arizona. Ilikuwa imepita miaka 57 kasoro siku 2. Na waliopangiwa kucheza nao walikuwa nani? Utah State wale wale! Nao Utah State walikuwa wanajua kungoja, kwa kuwa tangu 1997 hadi 2011 hawakualikwa. Muda wa kawaida ulikwisha wakiwa sare, 20 kwa 20. Katika muda wa nyongeza Utah State walianza. Wakajaribu kupiga mpira upite kati ya milingoti, mpira ukagonga mlingoti. Kisha kijana wa New Mexico State aitwaye Larry Rose akakimbia na mpira hadi mwisho wa kiwanja, mchezo ukaisha 26 kwa 20. Watu wakamiminika uwanjani, wazee kwa vijana.

Tunapoisikia habari hii, neno la kwanza linalotujia ni lile la wahenga: subira yavuta heri. Ni neno jema. Lakini tukilitazama kwa makini, twaona halitoshi. Maana subira hiyo ilimvutia nani heri? Aliyecheza mwaka 1975 hakukimbia Tucson. Alitoa jasho lake, akaumia magoti yake, akashindwa, akaenda zake. Huenda hata hakuwa hai siku ile. Tukisema ushindi ndio ulioipa kazi thamani, basi kazi ya wengi sana haikuwa na thamani yoyote. Tena mwaka uliofuata, 2018, timu ile ilishinda michezo 3 tu katika 12. Je, thamani ilikuja usiku mmoja ikaondoka tena?

Wengine watajibu kwamba wale wa zamani walikuwa ngazi ya kuwapandisha wa baadaye. Nalo ni jibu la heshima, lakini tusilikubali upesi. Si kweli kwamba kushindwa kwa 1975 kulileta ushindi wa 2017. Na mtu si ngazi. Kumwambia mtu kwamba maisha yake yalikuwa mema kwa kuwa mwingine alimkanyaga akapanda, si kumfariji.

Wala tusiseme kwamba kila anayengoja anafanya vema. Chuo kikuu cha Idaho kilikuwa katika ligi moja na New Mexico State, na vyote viwili vikaambiwa viondoke baada ya msimu wa 2017. Idaho wakaamua kushuka daraja, wacheze na walio wa kiasi chao. New Mexico State wakaamua kubaki juu, bila ligi. Nani alikuwa na hekima? Hatuthubutu kuwacheka Idaho. Mpira hula fedha, na kujua kipimo chako si woga. Kuna subira, na kuna ukaidi uliovaa kanzu ya subira, na mara nyingi twavichanganya.

Hapa turuhusuni tuseme jambo letu wenyewe, ingawa halitupi sifa. Tulipokuwa tukifundisha chuo cha ualimu, tulikuwa na rafiki tuliyesoma naye, akapangiwa shule ya msingi iliyo mbali sana na barabara. Mwaka baada ya mwaka, hakuna mtoto wa shule ile aliyechaguliwa kwenda sekondari. Sisi tulimwandikia barua, tukamwambia aombe uhamisho, kwamba anapoteza umri wake. Alijibu kwa upole kwamba ana darasa la kwanza asubuhi na hana nafasi ya kuandika zaidi. Alibaki. Akafariki kabla ya mtoto wa kwanza kuchaguliwa.

Tulikwenda mazikoni. Wasifu wa marehemu ulisomwa na mama mmoja wa kijiji kile, mkulima, kwa sauti iliyo wazi, bila kukwama hata mahali pamoja. Tukauliza ni nani. Tukaambiwa alikuwa mwanafunzi wake, alianguka mtihani wa darasa la saba, na ndiye anayewasomea majirani barua za watoto wao na maandishi ya dawa za zahanati. Ndugu zangu, tuliona haya. Miaka ile yote sisi tulihesabu kitu kimoja tu, yaani waliochaguliwa, na hesabu yetu ikatoka sifuri. Hesabu ilikuwa sahihi, lakini tulikuwa tumehesabu kitu kisichotosha.

Nadhani hapo ndipo lilipo jibu. Miaka 57 ni hesabu ya mialiko. Haisemi neno juu ya kijana aliyejifunza kuamka alfajiri, aliyemwinua mwenzake aliyeanguka, aliyecheza kwa moyo mchezo wa mwisho wa msimu uliokwisha kuharibika. Mema hayo yalikuwa mema siku ile ile yalipotendwa, hayakungoja Tucson ili yawe mema. Siku ya furaha haiumbi thamani ya kazi. Hutufungua macho tuione. Mzee Simeoni alimpakata mtoto hekaluni mwisho wa kungoja kwake, lakini hatusemi kwamba sala zake za miaka ya nyuma zilikuwa tupu mpaka siku ile.

Na tusimsahau yule kijana wa Utah State ambaye mpira wake uligonga mlingoti. Kama tukimpima kwa siku moja, tumemdhulumu, kama tulivyomdhulumu rafiki yetu kwa sifuri. Mwaka uliofuata timu yake ilishinda michezo 11 katika 13. Lakini hata isingeshinda mmoja, bado tungekuwa na deni la kumtazama vizuri.

Katika mtaa wetu wako wanaofanya kazi ambayo matunda yake hayajaonekana: anayemuuguza mgonjwa asiyepata nafuu, anayewafundisha kuimba watoto wasioshika sauti, mzazi anayemngoja mwana aliyepotea mjini. Tusiwaambie upesi kwamba heri inakuja, maana hatujui. Wala tusiwaandikie barua kama ile tuliyoiandika sisi. Twende tukawatazame kazini, tuone kilichopo leo, tuwaambie kwamba tumekiona, wakiwa wangali hai kusikia.